Mahari ya Noti za Jimbo

— Nani hapa ataniita muongo? Asimame tumuone!

Ndivyo alivyoanza Sleyum Ijumaa ile, miguu kaitandaza katikati ya benchi, mbele ya gereji ya matairi Wadi Kabir, Maskati. Shule aliikimbia mapema, akaajiriwa kufuata mbuzi Somalia, akarudi anajua mambo yote ya fedha, basi kijiwe kikambandika jina la Gavana, kama yule wa benki kuu. Pembeni yake alikaa Hamood, mstaafu wa wizara, waliyemwita Mufti kwa kupenda kutoa hukumu. Kasiani, mpishi wa mgahawa wa jirani, alikuwa anamimina kahawa.

— Nimeoa kwa gunia la noti, akasema Sleyum. Gunia zima! Serikali kuu kule ilikuwa imekosana na majimbo, haiyapelekei kitu. Jimbo letu likajichapia noti zake.

— Jimbo letu! Kasiani akacheka. Kaka, si umezaliwa hapa hapa Maskati, Al Khoudh, wewe?

— Nisikilize, dada. Gunia nikamkabidhi mkwe, ndoa ikafungwa Alkhamisi. Jumamosi soko zima limezikataa noti. Muuza chai hazitaki, muuza mkaa hazitaki.

— Basi ndoa yako ya jimbo tu, Hamood akahukumu. Ukiwa mle ndani, mkeo. Ukivuka mpaka, dada yako.

— Ami Hamood, wacha hizo! Sleyum akamkatiza.

— Mimi naona aliyechapa ndiye aliyeoa, akadakia Kasiani. Bibi harusi apelekwe kwa waziri wa fedha wa jimbo.

— Na talaka ipigwe muhuri wa serikali kuu! akamalizia Hamood.

Wakacheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Sleyum akawashinda wote kwa kicheko. Simu yake ikaita. Akaitazama, akaigeuza kifudifudi.

Yaqdhan, mgeni aliyekuwa anangoja tairi lake lizibwe, akauliza taratibu:

— Na mke mwenyewe alisemaje?

Hamood na Kasiani wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuuliza. Kasiani akainamisha birika; halikutoa hata tone.

— Alinisamehe, akasema Sleyum mwishowe. Mbele ya baba yake. Kasema, mahari yangu nshasamehe, sisi tukae. Mie nikajitia mwanamume, nikamwambia nakwenda Maskati, narudi na riyali.

— Utazipata tu, kaka, Kasiani akamliwaza.

Sleyum akakizungusha kikombe kitupu mkononi.

— Hilo ndilo nililowaficha. Nnazo tangu mwaka jana. Kila nikikumbuka alivyonisamehe, nashikwa na haya kumrudia. Akipiga, namwambia bado.

Simu ikaanza kuita tena.