Nani Alikuleta Mjini Hapa

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu! Kila nikifungua redio siku hizi, nasikia wanasiasa wakibishana kuhusu sheria ya ukahaba. Hawa wanataka wanawake wafungwe, wale wanataka waachwe. Nimesoma hoja za pande zote mbili, na sikuja kuwaamulia. Nimekuja kusema nilivyotendewa na Mungu.

Nilikuwa mjane, nikiuza ndengu sokoni Ishiara, kwetu Mbeere. Mama mmoja akaniahidi kazi ya kupika hotelini Meru mjini. Nilipofika alichukua kitambulisho changu, akanipa chumba cha nyuma, na wanaume wakaanza kuletwa. Askari wakinikamata, yeye alikuja kortini amejifunga leso safi, akalipa faini, akanirudisha chumbani. Watu walimsifu kwa huruma yake. Alinifundisha neno moja la kumjibu hakimu: "Kweli," yaani nakubali kosa. Nami nilijibu hivyo kila mara.

Siku moja, ndugu zangu, nilisema "Kweli," na hakimu hakuandika. Aliweka kalamu chini, akanitazama, akauliza, "Nani alikuleta mjini hapa?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Yule mama alikuwa ameketi benchi la mbele. Nikamtazama yeye kwanza.

Ndipo nyanya mmoja, aliyekuwa akingoja kesi ya mbuzi, akaniambia kwa Kimbeere, lugha ya kwetu, "Sema, mwanangu. Huyo hakimu hakuli."

Askari akamkemea. "Nyanya, nyamaza. Hapa si sokoni."

"Sokoni tungekuwa tumeshamaliza."

Watu wakacheka, hata hakimu, na katika kicheko hicho hofu ikanitoka. Nikanyoosha mkono. "Ni yule."

Yule mama akainuka kuelekea mlangoni. Hakimu akaamuru azuiliwe. Mimi niliyeingia mshtakiwa, nikatoka shahidi.

Nyanya aliondoka kabla sijamshukuru. Mtu wa Mbeere alifuata nini korti ya Meru siku ile? Yeye alisema ni mbuzi. Mimi nasema alitumwa.

Wabunge wataandika sheria yao, nasi tuwaombee hekima. Lakini kama yuko hapa mtu aliyefungwa na mwenzake, na watu wanamwita huyo mwenzake mfadhili, nakusihi umwamini Bwana leo. Sema jina la huyo aliyekufunga, hata kama sauti inatetemeka. Hutasimama peke yako.