Polihronis Vandulas na Kitanda Kilichomgeuza

Marehemu Polihronis Vandulas alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 kijijini Kalarahi, kwenye milima ya Krete. Alisoma hapahapa mpaka darasa la nne, akafukuzwa kwa kumpasua mwalimu kichwa.

Kazi yake ilikuwa kondoo, jibini na ngumi. Mwaka 1974 alimtorosha dada yangu Garifalia. Mimi shemeji yake nilimfuata na bunduki, nikarudi sina bunduki wala meno ya mbele. Harusi ilifana, na wakajaliwa binti, Ergina.

Adui yake alikuwa jirani yake Rousos Kateris, kwa ajili ya kondoo walioibiana tangu ujana. Walishachomana visu. Kwetu mwanamume hampi adui mgongo, na marehemu hakuwahi kumpa. Tarehe 9 Oktoba 2023 walitwangana marungu penye birika la mifugo mpaka moyo wa marehemu ukagoma, na wa Rousos ukafuata. Gari moja likawabeba wote, hospitali ikawalaza chumba kimoja.

Marehemu alilazwa kwenye kitanda cha mashine, kinachomgeuza mgonjwa ubavu huu na ule ili maji yasijae mapafuni. Kilipoanza kumgeuza ampe Rousos mgongo, aling'oa mirija, damu ikaruka ukutani, akamtia nesi ngumi ya jicho.

"Mzee, usipogeuzwa unakufa!" nesi alilia.

"Nife! Nimpe mgongo mwizi huyu? Thubutu!"

"Mgongo wenyewe una vipele, nani anautaka?" Rousos alijibu.

Tulimshika, akaniuma mkono mpaka mfupa. Kitanda kikazimwa. Kufika jioni midomo yake ilikuwa ya bluu, anakoroma kama anayezama, macho bado kwa Rousos. Dada yangu alikuwa analia kwa sauti.

Rousos alitukana watakatifu wote, kisha akajikokota palepale kitandani, akageukia ukuta. "Haya, mbwa wewe. Mgongo wangu huo, nimetangulia. Geuka!"

Marehemu aliutazama sana.

"Washeni," akasema.

Kuanzia hapo alipata pumzi ya kumwomba mkewe msamaha, na ya kunitukana mimi. Moyo wake ulisimama alfajiri ya tarehe 27 Oktoba. Rousos alikuwa bado ameelekea ukutani. Muda wote ule alikataa kugeuka, hata kula alikula hivyohivyo. Ergina alimshika bega.

"Ami, geuka sasa. Baba amekwenda."

Akageuka, akalia kuliko sisi sote.

Marehemu ameacha mjane, binti, wajukuu wawili, mimi, na Rousos. Mungu ampe amani, ingawa hakuwahi kuiomba.