Baba Nthambi, Msomaji wa Yaliyoandikwa

Wasifu wa Mzee Simeon Ngui Maingi wa Ziwani, Nairobi, utakaosomwa katika makaburi ya Lang'ata, Jumamosi tarehe 10 Novemba 1984.
Msomaji: Nthambi Ngui, au Kisilu Ngui.

Mlio na karatasi ya ibada mkononi mmeliona hilo "au". Ni la Mama. Nimeandika wasifu huu siku ya Alhamisi, na Mama hakukubali karatasi ipigwe chapa ikiwa na jina langu peke yake, ila liwekwe na la ndugu yangu Kisilu. Anaogopa kwamba Jumamosi sitakuwepo. Hata mimi naogopa, sitawadanganya mbele ya kaburi. Sababu ya woga huo imo ndani ya maisha ya marehemu, kwa hivyo nitaifikia kwa utaratibu wake, kama Baba mwenyewe alivyopenda mambo yaende.

Marehemu Mzee Ngui alizaliwa Mbooni, Wilaya ya Machakos, mwaka wa 1926, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Maingi na hayati Mama Ndanu. Tarehe haikuandikwa. Bibi alikuwa akisema tu kwamba mbaazi zilikuwa tayari na hakupata nafasi ya kuzivuna.

Alisoma katika shule ya misheni ya huko nyumbani hadi darasa la nne. Mwaka wa 1941 alibatizwa, akajichagulia mwenyewe jina la Simeon, yule mzee wa hekaluni aliyeahidiwa kwamba hatakufa kabla hajamwona Masihi. Baba alisema aliipenda ile ahadi kwa sababu yule mzee aliiona ikitimia akiwa bado na nguvu za kumbeba mtoto mikononi.

Machi 1947 alikuja Nairobi akaandikwa kazi na Reli, kwanza kuli wa stesheni, na kuanzia 1954 karani wa vifurushi, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu Desemba 1981. Wale waliofanya kazi naye watakumbuka ukali wake juu ya anwani. Kifurushi kilichoandikwa Voi kilishushwa Voi. Kilichoandikwa "kwa Juma, Pwani" kilibaki stoo mpaka panya wakakizoea. "Mzigo usio na anwani," alikuwa akisema, "kila mtu anaweza kudai ni wake."

Tarehe 12 Desemba 1953 alifunga ndoa kanisani na mama yetu, Mbithe. Nilizaliwa mimi mwaka wa 1955, akafuata Kisilu, kisha kitinda mimba wetu Mbeti. Mwaka wa 1958 Reli iliwapa nyumba Makongeni, na tangu hapo wazazi wangu wakapoteza majina yao. Wakawa Baba Nthambi na Mama Nthambi. Wengi wenu mliofika leo hamkujua kwamba anaitwa Ngui mpaka mlipoona tangazo la kifo. Naomba mlikumbuke hilo, kwa maana lile neno lililosemwa juu yangu, nitakalolifikia, lilikuja kuchukua majina ya watu watatu kwa mpigo.

Katika nyumba yetu kulikuwa na desturi moja. Kila mwaka, kuanzia Jumapili ya Matawi mpaka Pasaka, jioni baada ya chai, Baba alisoma maneno ya manabii kuhusu Masihi, na mimi nikasoma katika Injili pale yalipotimia. Yeye alisoma yaliyoandikwa, mimi nikasoma yaliyotimia. Akisoma Zekaria na mfalme mnyenyekevu juu ya punda, mimi nilijibu kwa punda aliyefunguliwa kijijini. Akisoma Isaya na mwanakondoo anayenyamaza mbele ya wakata manyoya, nilijibu kwa Yesu aliyenyamaza mbele ya Pilato. Nilianza nikiwa na miaka minane. Mwaka wa kwanza alisoma Mika, kwamba mtawala atatoka Bethlehemu, nami kwa haraka zangu nikafungua penye Nazareti. Baba akavua miwani.

"Nthambi," akasema, "umeshusha mzigo stesheni isiyo yake. Panda treni tena."

Kisilu alicheka mpaka akafukuzwa mezani. Mpaka leo nikikosea njia ananiambia nipande treni tena.

Desturi hiyo ndiyo iliyotupeleka mbele za watu. Katika kanisa la mabati tulilosali wakati huo, nje kidogo ya Jogoo Road, walikuwa wakituomba tusome pamoja, baba na binti. Tarehe 8 Aprili 1979, Jumapili ya Matawi, tulikuwa ndiyo tumemaliza Zekaria na yule punda wake, aliposimama Nabii Muturi, mtabiri wa kanisa lile. Alimnyooshea Baba kidole na kusema, "Bwana ameniambia, Ngui hatavuka Pasaka hii."

Kanisa lote likaitikia amina, maana hakuna aliyejua kingine cha kusema.

Juma lile tuliliishi kwa hofu. Baba alikwenda kazini kama kawaida, akapiga viatu rangi kama kawaida, lakini Ijumaa Kuu nilimwona akiweka kikombe chini bila kunywa na kujifanya chai ni ya moto. Chai ilikuwa imepoa. Jioni hiyo tulisoma kama desturi yetu, sauti yake ikawa nyembamba, na mimi nililia nikiwa nasoma. Pasaka ikafika, ikapita. Jumatatu asubuhi tulimkuta mlangoni akinyoa ndevu, kioo kimetundikwa kwenye msumari, akiimba wimbo wa kufufuka kwa sauti ya kuudhi majirani. Mama alikaa kwenye ngazi akacheka na kulia pamoja. Sijawahi kuona furaha kama ile nyumbani kwetu.

Haikudumu wiki. Jumapili iliyofuata Nabii Muturi alisimama tena. Alisema Bwana amemwongezea Ngui siku, kama alivyomwongezea mfalme Hezekia, ila ziko na gharama yake. "Mtoto wake wa kwanza hatamzika."

Baba alisimama. Hakuwa mtu wa kujibizana kanisani.

"Nabii," akasema, "lile la kwanza lilikuwa na siku yake, na siku imepita. Hili la pili ni la lini?"

"Bwana hapimwi kwa kalenda ya Reli, Mzee."

"Lakini Mika alitaja mji, na mji upo."

Watu wakaguna. Mama alimvuta koti akaketi, na hatukurudi katika kanisa lile. Tulirudi Makongeni kwa miguu. Tulipofika penye reli Mama alinishika mkono kunivusha, na nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nafanya kazi kiwanda cha biskuti Industrial Area na kujilipia nauli.

Tangu siku hiyo nimeishi hivyo, miaka mitano na zaidi. Baba akikohoa, niliogopa mara mbili: kwamba anakufa, na kwamba kama anakufa basi mimi natangulia. Walikuja watu kutoka Kangundo kuniposa, wakanywa chai yetu, wakasikia habari ile kwa majirani, hawakurudi. Siwalaumu. Nani anataka kuoa tangazo la kifo? Baba alilichukua hilo kwa uchungu kuliko mimi. Ndipo aliponiambia neno ambalo nataka liandikwe hapa kwa wino. Alisema ule unabii wa zamani ulimpeleka msalabani yule aliyetajwa, akabeba mwenyewe mzigo wa wengine. "Huu wa Muturi unambebesha mtoto wa mtu. Hata akipatia, Nthambi, si yeye aliyekufa kwa ajili yetu."

Alipostaafu tulihama nyumba ya Reli tukaja Ziwani, ambako alilea kuku, akafundisha watoto wa Jumapili, na kubishana kwa upole na jirani yetu Mzee Abdiqadir wa duka la jumla, wakikubaliana juu ya manabii wote isipokuwa pale wasipokubaliana. Julai mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kukatika. Madaktari walisema ni moyo. Alilazwa mara ya kwanza Agosti, akatoka, akarudishwa tarehe 20 Oktoba.

Jumatano kabla ya kufariki nilikuwa peke yangu naye wodini. Aliniuliza, "Unaogopa?"

"Naogopa, Baba."

"Hata mimi."

Nilidhani ataniombea, au atanikemea kwa imani haba. Alivuta pumzi kwanza.

"Yule aliyeandikwa na manabii aliyajua yote yaliyoandikwa juu yake," akasema, "na pale bustanini jasho lilimtoka la woga. Kwa hivyo usijiambie huna imani. Sema unaogopa, halafu uje."

"Nije wapi?"

"Mazishini, we mtoto!" Akacheka, na kucheka kukamletea kikohozi. "Mwambie mama yako wanizike mahali ambapo wewe utafika. Na Muturi aalikwe. Mumpe kiti mbele."

Mzee Simeon Ngui Maingi alifariki Jumamosi tarehe 3 Novemba 1984, saa moja asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono.

Tangu saa hiyo nyumba yetu ina kilio cha aina mbili. Mama amenikataza kuwasha stovu. Chakula changu hukionja yeye kwanza, mwanamke ambaye amefiwa na mume juzi. Amenikataza kazi, barabara, hata kwenda kuteka maji bafuni palipo na utelezi. Mzee Abdiqadir alikuja kutupa pole, akasema, "Nthambi, saa ya mtu iko kwa Mungu, haiko kwa Muturi. Mimi mwenyewe nitawabeba na gari yangu mpaka Lang'ata." Mama alishukuru. Siku ya pili yake tukasikia ameipeleka ile gari kwa fundi ikaguliwe breki zote. Mzee, tumekupenda kwa maneno yako, na kwa zile breki pia.

Na Kisilu, ambaye hajawahi kuwa mtu wa maombi, kila asubuhi hugonga ukuta wa chumba changu kabla hajavaa viatu.

"Niaje, sista. Uko?"

"Niko."

Basi, huenda zake. Jana nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nimelala hatimaye, akavunja kitasa cha mlango.

Wazee wa Mbooni walifika Jumanne, wakiongozwa na baba yetu mdogo, Mzee Mativo, na walikuwa na haki ya kukasirika. Aliuliza kwa nini ndugu yake azikwe Lang'ata kama mtu asiye na kwao, hali shamba lipo na kaburi la baba yake lipo. Mama alimjibu kwamba barabara ya Machakos haiamini nami nikiwa safarini. Nikamweleza maneno aliyoyasema Baba wodini. Mzee Mativo akasema, "Kama hawezi kwenda kwenye udongo, udongo utakuja." Ameahidi kurudi Jumamosi na mkebe wa mafuta ya Kimbo uliojaa udongo wa Mbooni, mwaka huu wa njaa udongo wenyewe ukiwa vumbi tupu. Huo ndio udongo wa kwanza atakaotupiwa Baba, na mila inasema anayeutupa ni mtoto wa kwanza.

Nabii Muturi amealikwa. Kiti chake kiko mstari wa mbele, kama Baba alivyoagiza. Hatukumwita ili aaibike. Baba alisema tu kwamba anayetoa neno apewe mahali pazuri pa kuliangalia.

Sasa, ninyi mnaosikiliza mnajua sauti yangu na mnajua ya Kisilu, na mmeshajua ni nani anayewasomea. Mimi ninayeandika sijui. Nimeandika kila mstari nikijiuliza kama utapita mdomoni mwangu. Lakini nilipofika mahali pa kuandika majina ya waliobaki, nilisita, halafu nikaweka langu la kwanza, mahali pake, kama siku zote.

Marehemu ameacha mjane, Mbithe, ambaye nawaomba mzidi kumwita Mama Nthambi, watoto, Nthambi, Kisilu na Mbeti, mkaza mwana, Nabwire, mke wa Kisilu, wajukuu wawili, ndugu yake Mzee Mativo, na watoto wa Jumapili wa Ziwani, ambao wanajua kwa moyo Masihi alizaliwa wapi na ni nabii gani aliyetangulia kusema. Alimngoja Bwana wake kwa woga na kwa furaha kama Simeon yule wa kwanza; amani aliyoisoma miaka yote na iwe sasa ndiyo kitanda chake.

Kisilu, kama ni wewe unayesoma, ishia hapo, ukae karibu na Mama. Mstari uliobaki ni wangu.

Baba, yaliyoandikwa ulisoma wewe. Naogopa, lakini nimekuja. Mzee Mativo, nipe huo mkebe. Niko.