Besi ya Chepkirui na Albamu ya Tanki Tupu

Ejok, yaani hamjambo, majirani wa Lodwar, wageni wetu wa Kakuma, na jamaa mliosafiri kutoka Bomet. Mimi ni mwalimu Cheruiyot, kaka yake mkubwa, nimetumwa na familia nisome maisha ya Sylvia Chepkirui, na nakiri kwamba nilipoketi kuyaandika niligundua kuna sehemu nzima siijui, ikabidi niulize watu, na wiki hii nimeuliza kuliko polisi wa barabara ya Kakuma. Marehemu ameacha ombi moja, kuhusu albamu ya bendi yake, na najua wengi wenu mnangoja kusikia familia imeamuaje.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1992 huko Bomet, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kiplagat na Mama Chelangat, na mwaka 1998 baba alipohamishwa na serikali kuja kusimamia mashamba ya kunyunyizia maji kule Katilu, sote tukaja naye. Alisoma shule ya msingi Katilu hadi 2005, akaendelea na sekondari hapa Lodwar hadi 2009, kisha akasomea ufundi wa maji Eldoret, na Februari 2014 akaajiriwa kuwa fundi wa pampu za visima. Wenzake wananiambia alikuwa anaweka sikio kwenye bomba, anasikiliza kidogo, anasema ni beringi, na wakifungua ni beringi kweli.

Mei 2019 alitumwa kutengeneza pampu Kakuma, na huko akakutana na Bol, kijana wa Sudan Kusini anayepiga dramu, na Sabrin, aliyezaliwa huko huko kwenye kambi ya wakimbizi na wazazi kutoka Somalia, anayeimba na kupiga gitaa. Hawakuwa na mtu wa besi, naye alikuwa na gitaa la besi ambalo kanisa letu lilikuwa limelitupa stoo likiwa na nyuzi mbili, akalitafutia nyingine mbili, na hivyo ndivyo bendi ya Tanki Tupu ilivyoanza, kila Jumamosi, miaka mitano, nyumbani hatujui lolote. Nimemuuliza Bol huu ni muziki gani, akasema ni roki, mwalimu, lakini si ile, na mpaka leo sijajua ile ni ipi.

Kwa upande wa ndoa, Sylvia hakuolewa wala hakujaliwa mtoto, na hapa lazima niseme ukweli, maana nilishajiaminisha kwamba zile Jumamosi za Kakuma zilikuwa za mwanamume. Tarehe 12 Oktoba 2024 nilienda kumfumania, nikaulizia fundi wa maji yuko wapi, nikaelekezwa kwenye chumba cha mabati, nikachungulia dirishani nikaona magodoro, nikasema leo nimewapata. Magodoro yalikuwa yametundikwa ukutani kuzuia mwangwi, na dada yangu alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho yamefumbwa, anapiga besi. Badala ya kucheka nilimfokea mbele ya wenzake, eti mtumishi wa serikali, tena Mkristo, anapiga kelele, na kwa miezi minne hatukusemezana.

Februari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya damu, akalazwa Lodwar, akapelekwa Eldoret, akarudi, na kila alipopata nguvu alikwenda Kakuma kumalizia albamu yao ya kwanza, yenye nyimbo tisa, iitwayo Presha Iko Chini, jina ambalo Mama alipolisikia aliuliza ni presha ya nani. Ni ya maji. Wimbo wa kwanza unaanza na mlio wa pampu ya kisima, aliourekodi mwenyewe kwa simu. Alituacha Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akiomba albamu itoke na jina lake lote liandikwe juu yake.

Ombi hilo nililikataa. Bol na Sabrin walikuja Jumatatu kuomba sahihi ya familia, nikawaambia jina la Mzee Kiplagat haliwekwi juu ya kelele, lakini Mama akasema hawezi kukataa kitu ambacho hajakisikia. Jumatano mchana Sabrin akaweka spika hapa uani, Mama akauliza mtoto wangu yuko wapi humo ndani, Bol akamwonyesha ile sauti nene ya chini, na kuanzia hapo kila besi ilipoingia Mama aliinua kidole, asikosee hata mara moja. Sitadanganya mbele ya jeneza, sijui kama muziki ule ni mzuri, lakini niliomba urudiwe, nikaomba tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Lodwar na Eldoret, majirani waliokesha na Mama, wafanyakazi wenzake wa idara ya maji, na Bare, dereva aliyempeleka Kakuma akiwa amelala kiti cha nyuma na kumrudisha salama kila safari. Nimetia sahihi jana, na albamu itatoka, na jina litakuwa Sylvia Chepkirui Kiplagat.

Dada, mwezi Juni, ukiwa kitandani Eldoret, uliniwekea simu sikioni nisikilize, nikaisukuma, nikakwambia pona kwanza. Albamu yote ni dakika thelathini na nane, na mimi nilikuwa nimekaa hapo tangu asubuhi, sina kazi nyingine. Nisamehe, Chepkirui, upumzike sasa kwa amani.