Madoa ya Bastola ya Mzee Emil

Benchi letu liko mbele ya duka langu la vyakula vya mifugo, hapa Cutter, Nebraska. Kahawa ni yangu, birika ni langu, na lawama kwamba kahawa ni chungu ni zangu pia. Ndiyo maana wananiita Birika. Saa moja asubuhi Jaji keshakaa. Huyu hajawahi kuhukumu chochote maishani isipokuwa keki kwenye maonyesho ya wilaya, tena mara moja tu, na mwaka ule akina mama watatu waliacha kumsalimia. Pembeni yake hukaa Diseli, fundi matrekta, ambaye sijawahi kumwona na kucha safi hata kanisani. Alhamisi moja ya Mei akaja Merle Kucera na kitu alichokifunga kwenye taulo. Baba yake, mzee Emil, tulimzika mwezi Machi, na tangu siku hiyo Merle alikuwa hajakaa nasi. Akalifungua taulo pale benchini, tukaiona bastola ya babu yake.

Merle aliifungua silinda tuone kwamba haina risasi, akampa Jaji. Jaji naye akatazama, akampa Diseli, naye Diseli akatazama. Ndivyo tulivyolelewa huku, kwenye bastola humwamini hata aliyekuzaa. Kwa akina Kucera, bastola hiyo hurithiwa na mtoto wa kwanza, na Merle alitaka kumpa wake siku anapomaliza sekondari. Corinne, binti wa Merle, alikuwa anamaliza Jumapili. Shida ilikuwa ubavu wa kushoto. Wote ulikuwa umeliwa na kutu, vishimo vidogo vidogo vya kahawia, kama uso wa mtu aliyepona ndui.

Diseli: Niachie mpaka Jumamosi jioni. Napiga msasa, napaka dawa, inarudi nyeusi ileile ya kiwandani. Utajinyolea ndevu kwa kujitazama humo.

Jaji: Wewe tena! Trekta ya marehemu shangazi yangu uliipaka rangi ya waridi.

Diseli: Ilikuwa nyekundu. Jua ndilo liliipausha.

Jaji: Ilikuwa waridi, Diseli, na shangazi alikufa na kinyongo. Mzee Emil hana hata miezi mitatu kaburini, unataka kuichuna ngozi bastola yake. Kitu cha kale hakiguswi. Usione vyaelea, vimeundwa.

Diseli: Sasa hiyo imeingiaje hapa? Nani kaongelea kuelea?

Jaji: Methali nzuri huingia popote.

Merle: Jamani, anayetaka ing'arishwe ni mama.

Bi Agnes, mama yake Merle, ndiye aliyetufundisha sote dini ya Jumapili, na hata leo akipita mbele ya duka, Diseli huficha sigara.

Merle: Kaniambia mara tatu sasa. "Toeni hayo madoa. Corinne asipewe kitu chenye madoa." Jana usiku nikamwuliza, mama, kwani yalitoka wapi? Akalia. Ninyi mnamjua mama yangu. Makaburini hakutoa chozi. Analia kwa ajili ya kutu?

Mimi: Basi mfanyie anavyotaka, yaishe.

Merle: Ndilo linalonikosesha usingizi, Birika. Nikikataa, namliza mama yangu aliyefiwa juzi. Nikikubali, nafuta kitu nisichokijua, na kikishafutwa hakirudi.

Diseli: Cha kujua hapo ni nini? Ni mvua. Ghala lao linavuja, kila mtu anajua.

Jaji: Mvua gani inayonyesha ubavu mmoja? Huo ni mto. Babu yake alitumbukia na farasi mwaka wa mafuriko, bastola ikalala matopeni mwezi mzima.

Diseli: Kama ni hivyo basi ni damu. Damu huleta kutu mbaya sana. Babu alimpiga jambazi, jambazi akaiangukia bastola.

Jaji: Jambazi wa wapi, Cutter hii? Aibe nini, kahawa ya Birika? Sikiliza, nakwambia ni radi. Radi ikipiga chuma hukitoboatoboa hivyohivyo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Diseli: Radi iko nguoni?

Jaji: Wewe nawe huelewi mafumbo.

Merle: Wazee, kuna picha ukutani kwetu. Babu amekaa na hii bastola mapajani, mwaka wa hamsini na mbili, ubavu huuhuu unaonekana. Laini kama yai. Alikufa mwaka uliofuata. Haya madoa yaliingia baba akiwa ndiye mwenye bastola.

Jaji: Aa. Basi Emil aliizika, kuficha isionwe na serikali.

Diseli: Serikali ina habari gani na Emil, mtu aliyekuwa akiomba radhi hata kwa kuku?

Tulikuwa tunacheka, naona aibu kusema, wakati Rosario aliposhuka kwenye gari la posta. Alikuwa na wiki tatu tu hapa kwetu, kahamia kutoka mji wenye kiwanda cha nyama. Akaniwekea barua zangu, akaitazama bastola.

Rosario: Shikamooni, wazee. Naweza kuiona?

Merle akampa. Kabla ya lolote Rosario aliifungua silinda akachungulia, na Jaji akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya vile vishimo, taratibu.

Rosario: Hii ni chumvi. Ya mawe, ile ya punje kubwa. Kiwandani tulikuwa tunatia nyama chumvi, na kisu kikisahauliwa kwenye pipa la chumvi kinatoka hivihivi. Kila punje inaacha shimo lake. Nani aliiweka kwenye chumvi?

Diseli akaangalia kucha zake.

Mimi nilikuwa najua. Birika lilikuwa mkononi mwangu, nikaliweka chini. Mwaka wa themanini na tano, mwezi wa Machi, theluji bado iko magotini, Bi Agnes aliingia dukani akataka mifuko miwili ya chumvi ya aiskrimu, ile ya mawe tunayochanganya na barafu kwenye ndoo ya mashine ya kusongea aiskrimu kwa mkono. Ulikuwa mwaka wa minada, benki zikiuza mali za wakulima wenye madeni. Wiki moja kabla, benki ilikuwa imewanadia akina Kucera ng'ombe wote na matrekta mawili, mbele ya majirani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nauza kwenye kaunta ya baba yangu, na akili sina. Nikamtania, "Bi Agnes, aiskrimu kwenye theluji?" Hakucheka. Alisema, "Emil anapenda aiskrimu." Utani huo niliusimulia mji mzima.

Ikabidi niwaambie. Niliwaambia hivyohivyo, na utani wangu wote.

Merle akaongea akiitazama barabara.

Merle: Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sikukuu ya uhuru ya mwaka ule, Nne Julai, ndiyo pekee tuliyokosa aiskrimu. Mama alisema mkono wa mashine umevunjika. Nikashuka chumba cha chini ya nyumba, mashine ilipokuwa, kuangalia kama naweza kuutengeneza, akanifuata mbio, akanitandika. Ndiyo mara pekee aliyonipiga. Haukuwa umevunjika. Niliuona.

Jaji: Merle, mwanangu...

Merle: Na Machi ileile baba alikuwa akitafuta kitu. Siku nzima, kabatini, darini, kwenye ghala. Anatoa nguo moja moja anazikung'uta, anarudisha. Nilidhani anatafuta mkanda. Nikamletea mkanda wake, baba, mkanda huu hapa. Akanikumbatia, hakuniachia kwa muda mrefu. Mimi nikafurahi kwamba nimemsaidia. Kumbe alikuwa anaitafuta hii, ajimalize nayo, na mama alishaificha kwenye chumvi, ndani ya ndoo ya aiskrimu.

Rosario alikuwa bado ameishika bastola. Akaifunga kwenye taulo, akamrudishia kwa mikono miwili.

Rosario: Samahani. Sikujua nauliza nini.

Merle: Uliuliza vizuri, dada. Sisi ndio tuliokuwa tunapiga domo.

Diseli alivuta pumzi. Sijawahi kumsikia akiongea kwa sauti ndogo vile.

Diseli: Merle, baba yako alikuwa na mashine ya kusugua nzuri kuliko yangu. Aliwahi kunikopesha. Hayo madoa angeyatoa kwa nusu saa.

Merle: Alikuwa anaipaka mafuta kila Jumapili baada ya chakula. Miaka karibu arobaini. Mama anaosha vyombo, yeye anapaka mafuta, na ubavu huu ndio aliokaa nao zaidi. Hakusema kitu, na mama hakusema kitu.

Jaji: Basi alijua nani aliificha, na kwa nini.

Merle: Alijua.

Akasimama. Kahawa yake ilikuwa imepoa, hata hakuigusa.

Diseli: Mimi siigusi. Hata Bi Agnes akija mwenyewe, nitamwambia mashine imeharibika.

Merle: Hapana, usimdanganye. Mama anataka Corinne asiulize, na mimi nataka aulize. Lakini haya madoa ni ya mama kuliko yetu. Nakwenda kumwambia kwamba najua. Baada ya hapo, akitaka yafutwe, kesho nitakuletea na utayafuta.

Diseli akakubali kwa kichwa. Merle akaondoka, na siku hiyo birika la pili sikulipika.

Ijumaa tulikaa benchini kama watu wanaosubiri habari za hospitali. Diseli alikuwa amenawa mikono. Saa tatu hivi gari la Merle likasimama, na aliyeshuka ni Bi Agnes, na mkongojo wake. Macho yalikuwa yamevimba. Diseli akasimama, hana sigara wala nini, akasimama tu. Bi Agnes akampita, akampita Jaji, akaingia dukani, nami nikamfuata mpaka kaunta, palepale.

"Chumvi ya aiskrimu," akasema. "Mfuko mmoja unatosha. Jumapili tuna wageni."

Nilitaka kumwomba msamaha wa ule utani wa miaka yote ile, nikabaki kuupangapanga mfuko juu ya kaunta. Akaniona, maana alinifundisha nikiwa mdogo, ananijua. Akaniwekea mkono juu ya mkono wangu.

"Emil alipenda aiskrimu," akasema.

Nikaubeba ule mfuko mwenyewe mpaka garini. Bastola ilikuwa juu ya kiti, ndani ya taulo, ubavu wa kushoto uko wazi, na madoa yote yako palepale. Nikauweka mfuko sakafuni, mbali nayo. Bi Agnes akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akacheka.