Karatasi ya Korosho

Basi lilipotoka Nangurukuru, Erasmo alifumba macho, ila masikio yake hayakulala. Kwenye kiti cha mbele yake, Fauzia, mkaanga korosho wa Miteja, alikuwa akimsimulia mzee aliyejuana naye stendi kwamba kazi yake yote ameiandika hatua kwa hatua na kuibandika ukutani.

"Mwanangu, umebandika riziki yako ukutani?" mzee alishangaa. "Mimi nakaanga karanga hapo Tingi mwaka wa thelathini huu. Yote yamo kichwani."

"Na ukiugua, babu?"

"Nafunga biashara." Alivyolitamka neno hilo kwa fahari, Erasmo alidhani kufunga nako ni ufundi.

Fauzia akacheka. Alipokwenda msibani kijiji cha Sudi, alisema, kazi alimwachia msaidizi wake Debora. Karatasi iliagiza moto mdogo, kukoroga bila kupumzika, na kuepua baada ya kuimba kasida mara tatu, maana ndivyo yeye anavyopima muda. Debora ni Mkristo, kasida haijui. Akaimba wimbo wa kwaya yao mara tatu, nao ni mrefu kuliko kasida.

"Zikaungua!" mzee alidakia, kwa furaha kidogo.

"Zilikolea kuliko zangu. Sasa wateja wanataka zile zile tu. Kasida nimeifuta kwenye karatasi, nimeandika wimbo wa Debora."

Basi likasimama Tingi. Konda akamhimiza mzee ashuke. Mguu mmoja ukiwa tayari chini, mzee aligeuka.

"Wimbo gani huo?"

"Njoo Miteja usome, babu," Fauzia alimjibu. "Si nimekwambia uko ukutani?"