Neno Alilochelewa Kulisema Mackrine

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, wanajumuiya, ndugu wa Igurwa na wenyeji wetu wa Songambele, Tumsifu Yesu Kristo, na wazee wangu shikamooni. Mimi ni Apolinary, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye mwenyewe aliniita kitandani kwake akaniambia, "Apolinary, usinisome kama malaika, watu watacheka jenezani kwangu," kwa hiyo nitakayosema yana ruhusa yake.

Marehemu Mackrine Ainembabazi alizaliwa tarehe 14 Juni 1969 katika kata ya Igurwa, wilaya ya Karagwe, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu mzee Gideon na mama yetu Placidia, na mama anasema kwamba toka akiwa mdogo hakuweza kuona sahani ya mwenzake bila kuipima kwa macho, na mdogo wake akibebwa mgongoni yeye hulala chini njiani mpaka abebwe naye.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kwetu kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, akikaa dawati moja na Anatolia, binti wa jirani, ambaye wengi hapa mnamfahamu, wakapendana kama mapacha, ila Anatolia ndiye aliyekuwa na sauti ya kuimba, ndiye aliyecheka na watu badala ya kuchekwa, na mwalimu akiuliza swali alimtazama yeye kwanza. Mwaka 1985 dada alikwenda kujifunza ushonaji kwa masista, akahitimu 1987 akiwa fundi hodari, na nusu ya magauni ya harusi mliyoyaona katika kata hii kwa miaka thelathini yametoka kwenye cherehani yake.

Tarehe 24 Agosti 1991 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Polikarpi, wa hapa Songambele, wakati huo ikiwa bado wilaya ya Karagwe, na Mungu akawajalia watoto wanne, wa kwanza akiwa Vestina. Jambo ambalo halikuwa siri ni kwamba Polikarpi alituma mshenga kwanza nyumbani kwa akina Anatolia, akaambiwa binti ameshachumbiwa, ndipo akaja kwetu, na mshenga huyo kwa ulevi wake alilisema jambo hilo mbele ya watu siku ile ile ya harusi. Anatolia naye aliolewa hapa hapa Songambele, kibanja chake cha migomba na mibuni kikapakana na cha dada, akafiwa na mumewe mwaka 2006, na toka hapo kila Polikarpi alipokwenda kumpogolea mjane mibuni, dada alihamishia cherehani yake upande wa uwani, mahali ambapo angeweza kushona huku akiwaona.

Mwaka 2013 Katekista Cleophace alitunga mchezo wa kuigiza kwa ajili ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, unaohusu kijiji cha zamani kilichomhukumu mjane kwa uchawi. Dada aliutaka uhusika wa mjane, akajifunza maneno yote kwa moyo kabla hajaulizwa, lakini Katekista akampa Anatolia, Polikarpi akapewa uhusika wa mzee wa baraza ambaye anajua mjane hana hatia ila anaogopa kupoteza kiti chake, na dada akapewa jirani anayesimama barazani na kusema neno moja tu, "Nimemwona." Katika mazoezi dada alimuuliza Katekista, "Huyu mwanamke, anayaamini anayoyasema?" Katekista akamjibu, "Mama Vestina, mimi nimeandika maneno, moyo wake utuoneshe wewe." Jioni hiyo alirudi nyumbani amenuna, akamwambia mumewe kwamba mzee wa baraza halazimiki kumtazama mshitakiwa kwa huruma kiasi kile.

Mwaka huo huo mnyauko wa migomba ulifika katika kitongoji hiki, majani yakawa manjano, mikungu ikaiva kabla ya wakati ikiwa imeoza ndani, mzee Kashaija akakipoteza kibanja alichoachiwa na babu yake, cha dada nacho kikaisha, lakini cha Anatolia kilisimama kijani katikati ya mnyauko ule. Watu wakaanza kunong'ona, kisha wakaacha kunong'ona wakasema wazi, kwamba Anatolia huwasha moto alfajiri ndani ya migomba yake na kuchoma dawa, na kwamba hata katika mchezo ule wa Katekista haigizi chochote, anasema mambo yake. Watoto wake wakazomewa kisimani, na usiku mmoja jiko lake la nje likatiwa moto.

Dada alijua moto ule wa alfajiri ni wa nini, kwa sababu yeye na Anatolia walihudhuria pamoja mafunzo ya afisa ugani, wakaambiwa panga lipitishwe kwenye moto kabla ya kuhama kutoka mgomba mmoja kwenda mwingine, na ua la mwisho wa mkungu liondolewe kwa kijiti chenye panda badala ya panga, dada akafanya hivyo kwa muda mfupi akachoka, Anatolia hakuchoka. Alijua, na alinyamaza. Aliniambia kwamba kila asubuhi alijiambia atasema, na kila asubuhi akiangalia migomba ile mibichi ng'ambo ya ua aliona bora ife nayo, ili angalau mara moja katika maisha wawe sawa.

Tarehe 10 Julai 2013 uliitwa mkutano wa kitongoji, nami nilikuwepo kwa kuwa nilikuja kumsalimia, na watu walifika na mapanga ambayo hayakuwa ya kazi. Mzee Kashaija alisimama akasema hakuja kugombana, anataka tu mwanamke yule ahame kabla ya giza, kisha akamgeukia dada, "Wewe unapakana naye, useme, moto wa alfajiri hujauona?" Dada akasimama, akasema, "Nimemwona. Moto nimeuona," akakaa. Kelele iliyofuata sijapata kuisikia tena. Polikarpi, ambaye naye alijua, aliinamisha kichwa, na baadaye alikiri kwamba aliogopa, maana angemtetea Anatolia mke wake angesema nini, na kijiji kingesema nini. Anatolia hakulia wala hakujitetea, alimtazama dada tu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kufunga kamba ya kiatu.

Dada akasimama tena, akapaza sauti, "Sijamaliza! Nilikaa kabla sijamaliza." Akawaeleza habari ya panga na moto, akawataja waliohudhuria mafunzo yale wakalala, na mtu mmoja alipomuuliza mbona siku zote hizo alikuwa kimya, akajibu mbele ya wote, "Nilimwonea wivu. Toka darasa la kwanza namwonea wivu, na hata sasa ninavyosema namwonea. Lakini mchawi si yeye." Mwenyekiti akaahirisha mkutano, afisa ugani akaitwa akathibitisha, na Anatolia hakuhama. Mzee Kashaija hakumsalimia dada kwa miaka miwili, si kwa sababu alimtetea mtu, bali kwa sababu alimnyang'anya wa kumlaumu, ila mwisho alikwenda mwenyewe kwa Anatolia kuomba miche.

Mchezo ulichezwa siku ya sikukuu kama ulivyoandikwa, mjane akahukumiwa, na dada alipofika kwenye neno lake alilisema polepole, akiwa amempa Anatolia mgongo.

Msije mkadhani wivu ulimwisha. Mwaka 2019 Anatolia alipochaguliwa mwenyekiti wa jumuiya, dada hakusali na jumuiya mwezi mzima. Lakini kuanzia Septemba 2023, alipogundulika kuwa na saratani ya kizazi, akatibiwa hospitali ya wilaya na baadaye ya rufaa, aliyelala naye wodini zamu kwa zamu na Vestina alikuwa Anatolia, na wageni walipokuja wakawa wanacheka hadithi za Anatolia, dada alifumbua macho akasema, "Hata ugonjwa wangu unataka kunipokonya?" Anatolia akamjibu, "Mama Vestina, huo nakuachia," wakacheka wote wawili mpaka nesi akaja.

Marehemu alifariki Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa tano asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, ameacha mume, watoto wanne na wajukuu watatu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Baba Paroko kwa sakramenti, mafundi cherehani wenzake waliofunga kazi zao toka Jumapili, majirani mliotuletea ndizi na kuni, na mzee Kashaija aliyesimamia uchimbaji wa kaburi. Na kwa wale niliowasikia asubuhi ya leo wakiuliza kwa nini Anatolia, rafiki wa marehemu, amekuja msibani na kitenge chake cha kupalilia, chenye kiraka begani, jibu ni hili. Gauni alilovaa dada humo ndani ya jeneza alilishona mwenyewe, akamwita Anatolia akamwonesha, akamwambia, "Siku hiyo usinivalie la kunishinda." Anatolia ametii.

Dada Mackrine, leo hakuna hapa aliyependeza kuliko wewe. Pumzika, roho yako itulie, na Bwana akupe amani.